Muscat ni Masaa Matano Tu, Mbona Haji?

Hapa Darajani ukimuuliza kijana wa tiketi Muscat ni mbali kiasi gani, hata kompyuta yake haitazami. Atakwambia ndege ya moja kwa moja ni masaa matano, ikizidi sana matano na nusu. Ukimuuliza mwanangu mkubwa, atabonyeza simu na kukwambia ni kilomita 3,900 hivi kwa mstari ulionyooka. Na lau ungemuuliza marehemu bibi yangu, mzaa mama, angekujibu bila ya kunyanyua uso kwenye ukili wake: "Muscat? Kaskazi moja."

Mimi nina duka la vitambaa na mabaibui, hatua chache kutoka lile soko kuu lililojengwa mwaka 1904. Mume wangu yuko Muscat tangu 2016. Majibu yote matatu nimeyasikia, na msomaji wangu nakwambia kweli, kwa mtu aliye kwenye ndoa jibu la bibi ndilo lenye faida. Leo nataka nikueleze kwa nini, maana najua hatuko mmoja wala wawili. Wanawake wengi wanaoingia dukani kwangu wana mtu wao Muscat: mume, kaka, mtoto au ami. Wanashika kitambaa, wanauliza bei, halafu mazungumzo yanafika kule kule.

"Wako anakuja lini?"

"Wallahi shoga, anasema wakati wowote."

Wakati wowote. Hilo neno mlikumbuke, maana ndilo lililonifanya niandike.

Ujirani wa siku nyingi

Mgeni akitusikia anaweza kushangaa. Sisi wa Unguja tunaitaja Muscat kama watu wa bara wanavyoitaja Morogoro. Lakini ujirani wenyewe ni wa zamani. Kufikia 1840 Sayyid Said bin Sultan alikwishahamishia makao yake kutoka Muscat kuja hapa. Akawa mtu wa nyumba mbili, huku na kule, bahari katikati. Mwezi wa Oktoba 1856 akafariki baharini, akiwa njiani kurudi Unguja. Bintiye, Bibi Salme, aliyezaliwa 1844, alikuwa bado mtoto. Baadaye aliolewa na Mjerumani, na katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886 ameeleza namna watu wa nyumbani walivyokuwa wakimngojea baba yao, hadi merikebu zikaja na msiba. Basi hata binti wa mfalme aliyajua haya ya kungoja mtu wa Muscat.

Baada ya hapo watoto wa Sayyid Said wakagombea urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Waingereza, akakata shauri: Unguja mbali, Muscat mbali, lakini Unguja iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Mimi nikiikumbuka habari hii nacheka peke yangu dukani. Yaani nchi mbili zimeachana, na bado mmoja anadaiwa matunzo!

Kisha yakaja Mapinduzi ya 1964, na watu wengi wenye asili ya Oman wakaondoka. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga. Wengi walikuwa watu wa huku kwetu, na Kiswahili wakaondoka nacho. Ndiyo maana mpaka leo ukiwa Seeb unaweza kununua samaki, ukagombana na muuzaji na ukapatana naye, vyote kwa Kiswahili. Ami yake mume wangu alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyemtafutia kazi ya ghala.

Upepo ndio uliokuwa kalenda

Sasa turudi kwa bibi. Zamani majahazi ya Oman yalikuja na kaskazi, upepo unaovuma kuanzia Disemba mpaka Machi. Yalileta tende, mazulia na papa mkavu. Yalirudi na kusi, inayoanza Aprili, yakiwa yamepakia boriti, karafuu na nazi. Safari moja ilichukua kama mwezi, na zaidi ikiwa nahodha ana shughuli zake Lamu au Mombasa. Hakuna nahodha aliyebishana na upepo. Ukikosa kaskazi ya mwaka huu, ngoja ya mwakani.

Mume wa kwanza wa bibi, ambaye ndiye babu yangu wa damu, alikuwa baharia wa Sur. Alimuoa bibi hapa Malindi. Miezi mitatu au minne kwa mwaka alikuwa mume wa nyumbani, miezi iliyobaki alikuwa jina tu. Maisha hayo yalikuwa magumu, sitaki kuyapamba. Huko Sur alikuwa na mke mwingine, na bibi alijua. Lakini bibi alikuwa na kitu ambacho wengi wetu leo, pamoja na simu zetu za bei mbaya, hatuna. Alijua mumewe anakuja lini. Upepo ukianza kuvuma alipaka ukuta chokaa na akaanika godoro. Upepo ukigeuka alimfungia mumewe mizigo kabla hajaambiwa.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalitokea kaskazi iko katikati. Babu akaondoka mapema na jahazi lake. Kaskazi ya 1965 hakuja. Ya 1966 hakuja. Bibi hakuingojea ya tatu. Alikwenda kwa kadhi na mashahidi wake, akaeleza kwamba kaskazi mbili zimepita, mume hajaja, matumizi hayakuja, hata salamu haikuja. Ndoa ikavunjwa. Baadaye akaolewa na fundi seremala wa Ng'ambo, mtu aliyeingia nyumbani kila Magharibi na vumbi la mbao kwenye nywele. Huyo ndiye babu niliyemjua mimi.

Nilipokuwa msichana niliwahi kumuuliza, "Bibi, hukuona uchungu?"

Akanijibu, "Uchungu niliuona, mjukuu wangu. Lakini nilijua siku ya kuacha kungoja."

Hesabu ya safari

Tuje kwenye ndege. Masaa matano na nusu ni ya angani tu, safari yenyewe ni ndefu zaidi. Toka Darajani hadi uwanja wa ndege wa Kiembe Samaki si mbali, zamani daladala ya 505 ilikufikisha kwa nauli ya kawaida kabisa. Lakini unatakiwa uwepo masaa matatu kabla. Ukifika kule kuna foleni ya pasipoti, kuna kungoja mabegi, kuna barabara. Weka masaa kumi na moja mlango kwa mlango. Na saa za kule ziko mbele yetu kwa saa moja. Ndege ikiruka saa nane mchana, ikatua saa moja na nusu usiku kwa saa zetu, wao saa yao inasema saa mbili na nusu.

Kwenda na kurudi basi ni masaa 22. Mwaka mzima una masaa 8,760. Sheria ya kazi ya Oman inampa mfanyakazi wa kampuni likizo ya mwaka isiyopungua siku 30. Tiketi ni ghali, hilo silipingi, hasa Disemba na karibu na Idi. Lakini mtu anayetuma matumizi kila mwezi anaweza kuiweka tiketi kidogo kidogo. Kwa hiyo ndege ipo, likizo ipo, na pesa ikipangwa ipo. Kinachokosekana ni tarehe.

Hapo ndipo ndege ilipotuchezea, jamani. Jahazi lilikuwa halina "wakati wowote". Lilikuwa na wakati wake mmoja, ukipita umepita. Ndege inaruka masika na kiangazi, kaskazi na kusi, na kwa vile mtu anaweza kuja siku yoyote, hakuna siku anayolazimika kuja. Leo anasema mwezi ujao. Mwezi ujao ghala limejaa mizigo. Baada ya hapo Ramadhani, baada ya hapo nauli imepanda. Kila sababu ni ya kweli, wala hadanganyi. Lakini sababu za kweli kumi na mbili zikipangwa moja baada ya nyingine zinakula mwaka mzima.

Na wala si mambo ya Muscat peke yake. Nina shoga yangu, mumewe yuko Dar es Salaam. Kutoka hapa ni kilomita zisizofika 80. Ndege ndogo inakwenda kwa dakika ishirini, boti ya mwendo kasi haifiki masaa mawili. Mwaka juzi mumewe alikuja mara moja, tena kwa mazishi. Shoga yangu ananiambia, "Bora wako yuko ng'ambo, watu wanakuhurumia. Mimi nikisema mume wangu yuko Dar wananiuliza, kwani boti zimezama?"

Nyumbani kwangu

Mwaka wa kwanza mume wangu alikuja mara mbili. Mtoto wetu wa pili alizaliwa mapema 2017, na baba yake alikuwepo kumuadhinia. 2018 alikuja mara moja. 2019 aliahirisha. 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege, na hapo sikuwa na la kumlaumu mtu. 2021 alisema hali haijatulia. 2022 hali ilitulia na bado hakuja.

Haki yake nimpe: matumizi hayajakatika hata mwezi mmoja. Ada za skuli analipa. Mavyaa alipougua, dawa alituma kwa mtu aliyekuwa anakuja. Na kila Jumamosi tunazungumza muda mrefu, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku pekee tunayopumzika sote wawili. Kule mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, huku ofisi na skuli zinapumzika Jumamosi na Jumapili.

Lakini mtaani maneno hayakosi. "Keshaoa huko, huyo." Kuna aliyeniambia usoni, akidhani ananisaidia. Nilimwambia akioa nitaambiwa na mwenyewe. Kilichoniuma kilitokea ndani, nikiwa na mwanangu mdogo. Mwalimu wake aliwaambia wachore watu wa nyumbani. Akatuchora mimi, yeye, kaka yake na bibi yake, halafu pembeni akachora simu. Nikamuuliza hii simu ya nini? Akasema, "Huyu baba."

Usiku ule sikulala. Nikawa namfikiria bibi na kaskazi zake mbili. Yeye alikuwa na mume aliyepotea kabisa, na upepo ukampa ushahidi wa kumpelekea kadhi. Mimi nina mume asiyepotea, anayetuma, anayeniuliza nimekula nini. Nitamwambia nini kadhi? Kwamba nimeolewa na sauti?

Jumamosi iliyofuata, ilikuwa Oktoba 2022, sikumuuliza atakuja lini. Nilimuuliza hivi: "Kaskazi au kusi?"

Akacheka. "Bibie, kwani mimi jahazi?"

"Ungekuwa jahazi ungekwishafika."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mimi sina upepo, mke wangu. Nina bosi."

Nikamwambia, "Basi mwambie bosi wako kwetu kuna upepo. Unaanza Disemba, unakwisha Machi. Ndani ya hiyo miezi chagua siku unayotaka, sikubishii. Lakini Machi ikimalizika hujaja, Aprili mimi nitawaita wazee wa pande zote mbili, tukae kitako, tuulizane kama hii bado ni ndoa. Si hasira, baba. Nakupa habari mapema kama nahodha anavyopewa."

Sitawadanganya kwamba alifurahi. Wiki nzima hakupiga. Mavyaa aliniita, nikadhani nakwenda kusutwa. Mama wa watu akanikalisha mkekani, akanimiminia chai ya tangawizi, akasema, "Mwanangu, mimi pia nimechoka kuzaa mtoto wa kwenye simu. Ulivyomwambia ndivyo hivyo hivyo." Akapiga simu mwenyewe. Waliyozungumza siyajui, nilitoka nje kwa adabu.

Alikuja Februari 2023. Siku 26.

Alipokuja

Magazeti yetu yanapenda kuishia hapa, mume kashuka, watu wanalia uwanja wa ndege, mambo mazuri. Dada yangu, kazi inaanza hapo. Mtu aliyekuwa mbali miaka karibu mitano anarudi nyumba isiyokuwa yake. Swichi ya taa ya ukumbini ilihamishwa, akawa anapapasa ukuta gizani. Chai anayoipenda yeye sisi hatunywi tena. Mtoto mdogo siku ya kwanza alijificha nyuma ya baibui langu, siku ya pili akaniuliza mbele yake, "Huyu anarudi lini?" Nilimuona mume wangu uso ulivyombadilika.

Na mimi nilikuwa nimezoea kuamua. Fundi wa paa namwita mimi, mkataba wa duka nasaini mimi. Ghafla kuna mtu ananiuliza naenda wapi. Tuligombana siku ya tisa, nakumbuka, kwa ajili ya bomba la maji. Siku ya kumi na mbili tulikwenda Forodhani na watoto, tukala mishikaki, na mdogo akaomba abebwe na baba yake. Siku ya kumi na tano ndipo tulipoanza kuzungumza kama mke na mume. Kwa hiyo nawaambia wanaokuja kwa siku tano: siku tano ni za wageni. Ndoa inahitaji muda wa kugombana na kupatana kabla ndege haijaondoka.

Kabla hajaondoka tulipatana mambo manne, na tukamwambia mavyaa awe shahidi. Kaskazi anakuja yeye, na siku zisipungue ishirini. Kusi, skuli zikifungwa katikati ya mwaka, tunakwenda sisi tukiwa na uwezo. Tulikwenda Juni 2024, na joto la Muscat mwezi huo linapita nyuzi 40, watoto walidhani mtu kaacha tanuri wazi! Tatu, tiketi ya kaskazi inakatwa kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha, na picha yake natumiwa mimi. La nne ndilo zito: kaskazi mbili zikipita mfululizo bila ya kuja na bila ya sababu ya ugonjwa au msiba, wazee wanakaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema mbili. Nilikuwa sijawahi kumsimulia habari ya bibi.

Kwako wewe

Shoga, kaka, yeyote unayesoma hii na mtu wako yuko ng'ambo, awe Muscat, Dubai, London au hapo Dar tu. Usimuulize kama anakupenda, hilo kulijibu kwenye simu ni rahisi mno. Muulize tarehe. Muulize likizo yake inaanza lini na nani anayeisaini. Muulize tiketi inakatwa mwezi gani na kwa pesa ya nani, yake au ya kuchangia. Na kubalianeni mapema, mkiwa mnaelewana, nini kitafanyika tarehe ikipita, maana ukingoja mpaka uwe na hasira utasema zaidi ya unalotaka kusema.

Na wewe uliyeko huko, ndugu yangu, usitwambie ni masaa matano tu. Tunajua. Hayo masaa matano ndiyo yanayotuuma, kwa sababu jahazi tungelisamehe.

Kwetu mambo bado si mepesi. Safari ya 2024 alikata siku ishirini akakaa kumi na nane, na mbili hizo nilizidai. Ghala lile lile, bosi yule yule, na kilomita 3,900 hazijapungua hata moja. Lakini Oktoba ikifika mwanangu mdogo ananikumbusha mwenyewe: "Mama, picha ya tiketi imekuja?" Ikija anaitazama, anahesabu miezi kwa vidole, kisha anakwenda kucheza.

Na wako je, kaskazi au kusi?